Saratani ya Kibofu cha Mkojo: Hatari Hujengwa kwa Miaka

Ndugu wasikilizaji,

Mkojo wenye damu usiouma unatutisha kuliko ule unaouma. Anayeumia hufika hospitali siku ileile. Asiyeumia huona wekundu chooni mara moja, kesho yake mkojo umerudi kuwa safi, naye anashukuru Mungu na kuendelea na shughuli zake. Inaweza kupita miezi kabla damu haijaonekana tena, na katika miezi hiyo uvimbe uliokuwa juu juu kwenye utando wa kibofu unaweza kuzama hadi kwenye msuli. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Ulio juu juu huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo. Uliozama msulini mara nyingi hudai kibofu kizima kitolewe, au mionzi pamoja na dawa kali.

Saratani hii haina kipimo ambacho watu wote wasio na dalili huitwa kupimwa, kama ilivyo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kinachobaki ni historia ya mtu: alivuta nini, alifanya kazi gani, alikunywa maji ya wapi, aliwahi kuugua nini na akatibiwa kwa dawa gani. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye historia hiyo. Daktari haioni kwenye darubini, wala mashine haiisomi. Ndiyo maana tumeona heri tuitumie nafasi hii kuipitia pamoja nanyi.

Tuanze na kiungo chenyewe. Figo huchuja damu mchana na usiku, na kila siku hutoa lita moja hadi mbili za mkojo. Mwili ukitaka kuondoa kemikali isiyofaa, mara nyingi huipitisha huko. Kwa hiyo sumu iliyotawanyika kwenye damu yote hukusanywa ndani ya maji machache, kisha maji hayo yanakaa. Yanakaa saa tatu, saa nne, usiku kucha, yakiwa yamegusana na utando wa ndani wa kibofu. Mapafu yanapitisha moshi na kuutoa. Kibofu kinahifadhi. Utando uleule umetandazwa pia kwenye mirija inayoshuka kutoka kwenye figo, nao unaweza kupata saratani ya aina hiyohiyo, lakini kibofu ndicho kinachopata zaidi kwa sababu ndicho ghala.

Mwaka 2022 watu wapatao 614,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu, na takriban 220,000 waliaga dunia kwa sababu yake. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wapya walikuwa wanaume. Wengi wamevuka miaka 60. Umri huo si bahati mbaya: kati ya siku mtu anapoanza kukutana na sumu na siku uvimbe unapoonekana, kwa kawaida hupita miaka 20 hadi 30, pengine zaidi.

Sasa tumbaku, ambayo tutaikalia kwa muda kwa sababu inastahili. Ukimwambia mvutaji kwamba sigara inaharibu mapafu, anakuelewa. Ukimwambia inaharibu kibofu, anashangaa: moshi unafikaje huko chini? Haufiki moshi. Ndani ya moshi wa tumbaku mna kemikali za jamii ya amini aromatiki, zikiwemo naftilamini-2 na aminobifenili-4. Hizi huvuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu na kufika kwenye ini, na ini, likijaribu kuziyeyusha ili zitoke, huzigeuza kuwa umbo ambalo likifika kwenye mkojo wenye asidi linazinduka na kushika vinasaba vya seli za kibofu. Seli hurekebisha kosa moja, mawili, mia. Siku moja hukosa kurekebisha moja lenye maana, na seli hiyo huanza kuzaliana bila kusikiliza amri.

Mvutaji ana hatari ya saratani hii ambayo ni takriban mara tatu ya ile ya mtu ambaye hajawahi kuvuta, na katika nchi ambako watu wamevuta kwa vizazi kadhaa, karibu nusu ya wagonjwa wote wa kibofu wametokana na tumbaku. Kiko na biri havimwokoi mtu. Wala hawako sawa wavutaji wote: wapo waliozaliwa na kimeng'enya cha ini kinachozima amini hizi polepole, na kwa hao sigara zilezile hudhuru zaidi. Huwezi kumtambua mtu huyo kwa kumtazama, na mwenyewe hajijui. Kwa hiyo hoja ya "babu yangu alivuta hadi miaka 90" haimsaidii mjukuu.

Kuna hesabu moja ambayo kila mvutaji, au aliyewahi kuvuta, anapaswa kuijua. Chukua idadi ya sigara unazovuta kwa siku, gawanya kwa 20, yaani sigara za pakiti moja, kisha zidisha kwa miaka uliyovuta; jibu huitwa pakiti-miaka. Aliyevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 30 amefikisha pakiti-miaka 15. Aliyevuta 30 kwa siku kwa miaka 22 amefikisha 33. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 kuhusu damu kwenye mkojo humweka mtu mwenye zaidi ya 30 katika kundi la hatari kubwa, hata kama damu hiyo imeonekana kwa darubini tu na macho hayakuiona. Mwambie daktari namba hiyo. Ukisema "navuta kidogo tu" hujamwambia kitu.

Na kuacha? Hatari huanza kushuka katika miaka michache ya mwanzo, na huendelea kushuka. Lakini hata baada ya miaka 20 na zaidi haijafika chini kabisa kama ya asiyewahi kuvuta. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka unaoacha mapema una faida. Pili, aliyeacha zamani asijifute kwenye orodha ya wenye hatari. Tunawaona watu wanaojaza "hapana" kwenye fomu mbele ya swali la sigara, kumbe waliacha miaka 12 iliyopita baada ya kuvuta kwa 25. Jibu hilo linampotosha daktari. Na kwa aliyekwisha kupata uvimbe, kuacha bado kuna maana, maana saratani hii ina tabia ya kurudi, na hurudi zaidi kwa anayeendelea kuvuta.

Kazi ndiyo inayofuata kwa uzito, na hapa dunia ilijifunza kwa gharama ya miili ya watu. Mwaka 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi nyekundu iitwayo fuksini. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper na wenzake walionyesha kwamba naftilamini-2 huleta uvimbe kwenye vibofu vya mbwa. Mwaka 1954 uchunguzi mkubwa wa viwanda vya rangi Uingereza ulithibitisha kwa wafanyakazi wenyewe kwamba naftilamini na benzidini zinaua. Hesabu miaka: kutoka onyo la kwanza hadi uthibitisho huo ni karibu 60. Watu walioajiriwa katikati ya hapo waliendelea kuugua wakiwa wamestaafu, wengine hawakumbuki tena jina la kemikali waliyokuwa wakiichota kwa ndoo.

Leo benzidini na naftilamini-2 zimepigwa marufuku katika nchi nyingi, lakini jamii yao haijaisha. Otho-toluidini, inayotumika kutengeneza rangi na kemikali za mpira, inajulikana kusababisha saratani ya kibofu kwa binadamu. Kazi za kutengeneza mpira, kuyeyusha aluminiamu na kupaka rangi zote zimo katika kundi la kazi ambazo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kuwa zinasababisha saratani. Wapo pia wanaotia rangi nguo na ngozi, wachapishaji, mafundi wa vyuma wanaofanya kazi na mafuta ya kupoza mashine, na madereva na mafundi wanaokaa kwenye moshi wa dizeli. Wasusi na vinyozi wanaochanganya dawa za rangi ya nywele kila siku wamewekwa katika kundi la wanaoelekea kuwa hatarini. Hilo ni la mwenye kazi. Kwa mtu anayepaka nywele zake mwenyewe mara moja moja, hatari haijathibitika.

Kosa tunalolikuta sana ni kudhani kwamba sumu huingia kwa pua peke yake. Amini aromatiki hupenya ngozi. Fundi amevaa barakoa ya vumbi, mikono iko wazi, na jioni ananawa kwa thina ili rangi itoke. Thina inaondoa mafuta ya ngozi na kuufungua mlango zaidi. Barakoa yenyewe ya kitambaa au karatasi huzuia vumbi, haizuii mvuke. Mvuke unataka barakoa yenye vichujio vya kaboni, na vichujio hivyo hufika mwisho vikabadilishwa. Glovu nyembamba za mpira huvujisha viyeyushi ndani ya dakika chache huku zikionekana nzima. Ovaroli iliyolowa ikivaliwa hadi nyumbani, imebeba kazi ikaileta kwa familia. Na mkono unaoshika rangi kisha ukashika sigara unapitisha sumu mbili kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo, fanya hivi. Kila kemikali ya viwandani ina karatasi yake ya taarifa za usalama, na mwajiri anapaswa kukuonyesha. Ina sehemu 16. Fungua sehemu ya 2, inayotaja madhara, uangalie kama kuna namba H350, maana yake kemikali hiyo inaweza kusababisha saratani, au H351, maana yake inashukiwa. Kisha nenda sehemu ya 8, itakayokuambia glovu za aina gani na barakoa ya aina gani. Asiyesoma lugha ya karatasi hiyo atazame chombo chenyewe: pembe nne yenye mstari mwekundu, ndani yake kivuli cheusi cha mtu mwenye nyota nyeupe kifuani. Alama hiyo ina maana ya madhara yanayochelewa. Hutaumwa leo. Ndilo tatizo lake.

Tupite kwenye maji. Aseniki iliyomo kwenye miamba huingia kwenye maji ya chini ya ardhi, nayo haina rangi, ladha wala harufu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Katika mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, kati ya mwaka 1958 na 1970 watu walikunywa maji yenye zaidi ya mara 80 ya kiwango hicho. Mtambo wa kusafisha ulipowekwa maji yalitengemaa, lakini vifo vya saratani ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baadaye. Kuchemsha hakusaidii hapa; maji yanapungua kwa mvuke na aseniki inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Klorini huua vijidudu, aseniki haiigusi. Kisima kirefu kinachotumiwa na watu wengi kinapaswa kupimwa maabara kwa jina, "aseniki", kwani kipimo cha kawaida cha vijidudu hakitaionyesha. Ikikutwa, dawa ni kubadili chanzo au kuweka mtambo maalumu wa kuiondoa.

Kichocho cha mkojo kina njia yake, na hapa saratani yenyewe hubadilika sura. Mnyoo wake ulitambuliwa na Theodor Bilharz mjini Kairo mwaka 1851. Viluwiluwi hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya anayeoga, anayevua au anayefua, hukua mwilini, na minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Mwili huyapiga vita mayai hayo miaka nenda miaka rudi. Utando huvimba, hupona, huvimba tena, hubadilika na kuwa mgumu kama ngozi ya nje. Bakteria nao hupata makao humo na kutengeneza nitrosamini, kemikali nyingine inayoharibu vinasaba. Saratani inayotokea hapo mara nyingi ni ya seli bapa, huwapata watu wenye umri mdogo zaidi kuliko ile ya tumbaku, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshazama. Misri ilikuwa na wagonjwa wengi wa aina hii. Kichocho kilipodhibitiwa, aina hiyo ilipungua na ile inayofungamana na tumbaku ikashika nafasi kubwa zaidi.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu mwenye kilo 60 hupata miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa. Michanga huiacha, wala haikukingi ukirudi majini kesho, kwa hiyo anayeishi kwenye maambukizi hupaswa kurudia kwa ratiba ya wahudumu wa afya. Anayekwenda kupima apeleke mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana ndipo mayai hutoka kwa wingi, na asiache matone ya mwisho, kwa sababu humo ndimo yalimo. Mkojo wa alfajiri unaweza kukupa jibu la "hakuna" lisilo la kweli. Mtu mzima aliyekojoa damu utotoni, kwenye maeneo ambako ilionekana kuwa jambo la kawaida, aitaje damu ile kwa daktari hata kama miaka 30 imepita.

Kwa njia hiyohiyo ya uvimbe usiopoa, mawe ya kibofu yaliyoachwa bila kutibiwa, na pia mpira wa mkojo uliokaa miaka mingi, kama kwa walioumia uti wa mgongo, huongeza hatari.

Zipo pia dawa. Siklofosfamidi, inayotumika kwa saratani na kwa baadhi ya magonjwa ya kinga, hutoa mwilini kemikali iitwayo akrolini inayochoma kibofu. Ndiyo sababu wanaopewa dozi kubwa huambiwa wanywe maji mengi, wakojoe mara kwa mara, na hupewa dawa ya mesna ya kuizima akrolini. Agizo hilo la maji ni sehemu ya tiba. Mionzi ya nyonga, kwa mfano ya mlango wa kizazi au tezi dume, inaweza kuacha hatari inayojitokeza baada ya miaka mingi. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, ina tahadhari kuhusu kibofu tangu mwaka 2011. Anayeitumia asiiache mwenyewe, amwulize daktari, hasa kama amewahi kukojoa damu. Na mitishamba ya jamii ya aristolokia ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Kuwa mmea wa asili hakuifanyi iwe salama.

Kuhusu ukoo, mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua ana hatari iliyoongezeka, ila kwa wengi haizidi ile anayojiletea mtu kwa sigara. Familia zenye saratani za utumbo mpana na za mfuko wa uzazi katika umri mdogo ziangaliwe kwa makini, maana zipo kasoro za kurithi zinazogusa pia mirija ya mkojo.

Watu hutuuliza kuhusu kahawa. Mwaka 1991 iliwekwa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa kwa kibofu, na mwaka 2016 ikaondolewa. Wengi waliokunywa kahawa kwa wingi walikuwa pia wavutaji, na sigara ndiyo iliyoichafulia jina. Sakarini nayo ilileta uvimbe kwa panya kwa njia ya fuwele zinazotokea kwenye mkojo wa panya, na binadamu hana mkojo wa aina hiyo. Nguvu ya kuogopa tuiweke panapostahili.

Turudi kwenye damu. Tunaomba maelezo manne yasikubaliwe upesi. La kwanza, "ni UTI tu". Inawezekana, lakini mkojo uoteshwe maabara kutafuta vijidudu, na baada ya kumaliza dawa upimwe tena. Kama damu bado ipo, uchunguzi uendelee. Wanawake huumizwa zaidi na neno hili: hupewa dozi ya pili, ya tatu, ya nne, na wengi wao hugunduliwa wakiwa wamechelewa kuliko wanaume. La pili, "ni hedhi", hata kwa aliyekoma hedhi. La tatu, "ni dawa za kuyeyusha damu". Dawa hizo hufanya uvimbe uliokuwepo utokwe damu mapema; anayezitumia achunguzwe kama mwingine yeyote. La nne, "imekoma yenyewe". Kukoma ndiyo tabia yake. Viazisukari vyekundu na dawa ya rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, ndiyo, na kipimo cha mkojo hutenganisha hayo kwa dakika chache.

Mtu mzima aliyeona damu anahitaji kibofu kitazamwe kwa kamera. Altrasaundi ni nzuri kwa kuanzia, lakini hupitwa na vivimbe vidogo na vile vilivyolala bapa, kwa hiyo "altrasaundi ni safi" haifungi faili. Kamera ni mrija mwembamba unaopitishwa baada ya kuwekewa jeli ya ganzi. Kwa kawaida kutazama huchukua dakika chache, na siku moja au mbili baadaye kukojoa kunaweza kuwasha kidogo. Kikionekana kitu, hukatwa kinyama na kupelekwa maabara, na lazima kiwe na sehemu ya msuli, la sivyo hatutajua kama umezama.

Kabla ya kwenda, chukua karatasi. Andika pakiti-miaka zako na mwaka ulioacha. Andika kila kazi uliyofanya zaidi ya mwaka mmoja, hata ya ujanani, na ulichokuwa ukikishika. Andika kichocho, mawe, mpira wa mkojo, mionzi, dawa za saratani, dawa za kisukari, mitishamba. Andika chanzo cha maji ulichokunywa kwa miaka mingi zaidi. Andika tarehe ya damu ya kwanza, rangi yake, kama kulikuwa na mabonge, na kama iliuma. Umpe daktari karatasi hiyo mkononi kabla hajakuuliza.